Tuhuma Si Hukumu: Funzo la Tobi Amusan

Julai 2022, mjini Eugene, Marekani, Tobi Amusan wa Nigeria alikimbia nusu fainali ya mita 100 kuruka viunzi kwa sekunde 12.12. Ikawa rekodi ya dunia, na siku hiyohiyo akatwaa ubingwa wa dunia. Mwaka mmoja baadaye jina lake lilivuma kwa sababu nyingine: Kitengo cha Uadilifu katika Riadha kilimfungulia mashtaka na kumsimamisha kwa muda.

Alishtakiwa kwa lipi? Hapa ndipo wengi walipoteleza. Shtaka halikusema kwamba amekutwa na dawa za kusisimua misuli. Lilisema kwamba mara tatu ndani ya miezi 12 amekiuka kanuni ya kupatikana. Mwanariadha wa ngazi yake hutakiwa kueleza mapema atakuwa wapi, na kutaja saa moja ya kila siku ambayo mpimaji anaweza kumkuta bila kumpa taarifa. Akikosa mara tatu katika muda huo, huweza kufungiwa hadi miaka miwili.

Kanuni hiyo siipingi hata kidogo. Mkaguzi anayetangaza siku ya kuja kwake hakagui kitu. Ninachokipinga ni papara yetu sisi watazamaji. Tuhuma ilipotangazwa tu, baadhi yetu walimwita mwizi wa medali. Wengine wakadai ni njama ya kuwadhalilisha Waafrika. Makundi hayo mawili yalijiona mahasimu, kumbe yalikuwa na ugonjwa mmoja: kutoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Tarehe 17 Agosti 2023, siku mbili kabla ya mashindano ya dunia ya Budapest, jopo la nidhamu lilimwondolea shtaka. Rufaa ikakatwa. Juni 2024 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikathibitisha makosa mawili kati ya matatu. Hivyo hatia haikuwapo.

Wapo watakaobeza kwamba ameponea kwenye hesabu. Nawajibu: hesabu hiyo ndiyo sheria yenyewe. Sheria ikitaka matatu, mawili hayatoshi, hata kama mshtakiwa hatumpendi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na wale waliolia njama nao wakumbuke kwamba makosa mawili yalithibitishwa, na kwamba mfumo uleule waliousingizia ubaguzi ndio uliompa haki yake. Angefungiwa miaka miwili, asingeshiriki Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

Wenye mamlaka nao wana deni. Kusimamishwa kabla ya hukumu ni adhabu inayotangulia hatia: mwanariadha hukosa mashindano, na jina lake huchafuka. Anayepewa uwezo wa kusimamisha apewe pia wajibu wa kuamua upesi. Na anayedai mwanariadha atimize kila kipengele cha kanuni, naye atimize kila hatua ya kuthibitisha shtaka lake.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalihitaji funzo hili kuliko wengi. Wanariadha kadhaa wa Kenya wamefungiwa kwa haki, baada ya makosa yao kuthibitishwa, na aibu hiyo imetuzoesha kuamini kila tuhuma. Mazoea hayo hayaishii uwanjani. Anayemhukumu mkimbiaji kwa uvumi humhukumu kwa uvumi pia jirani aliyeitwa kituo cha polisi, mtumishi aliyesimamishwa kazi, na mwanafunzi aliyetajwa kuwa mwizi.

Ndugu msomaji, siku utakayoshtakiwa wewe, utataka mtu auulize umati: kosa ni lipi, ushahidi uko wapi, na mshtakiwa amesikilizwa? Anza leo kuwaulizia wengine maswali hayo.