Rehoboamu Hakukosa Askari



Soma 1 Wafalme 12 kabla hujakomenti. Rehoboamu anakwenda Shekemu kutawazwa. Watu wanamwambia, baba yako alitutwika nira nzito, tupunguzie nasi tutakutumikia. Angalia vizuri: hawakuanza na kujitenga. Walianza na ombi! Wazee wakamshauri ajibu kwa upole. Yeye akasikiliza vijana aliokua nao, akawatisha watu. Makabila kumi yakaondoka. Na bado hakujifunza, akamtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa, yaani ile nira yenyewe waliyoilalamikia. Wakampiga mawe akafa.

Sasa twende Pwani. Mwaka wa 2010 serikali ilipiga marufuku kundi la MRC, wale wa "Pwani si Kenya". Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaondoa marufuku hiyo. Oktoba, kiongozi wao akakamatwa. Hayo tunayakumbuka. Kilio chenyewe je? Sheria ya mkoloni ya 1908 ilitaka kila mtu ukanda wa pwani adai ardhi yake rasmi. Ambayo haikudaiwa ikawa mali ya serikali ya mkoloni. Nyanya Mgiriama hakuwa na karatasi. Alikuwa na minazi na makaburi ya wazazi wake. Wajukuu zake leo wanaitwa maskwota.

Siungi mkono kuigawa Kenya. Na wale polisi waliouawa usiku wa kuamkia uchaguzi wa Machi 2013 walikuwa watoto wa watu. MRC walikana, lakini aliyeua ametenda dhambi, awe nani. Ila leo nasema na ninyi, viongozi wa vyama. Mkiwa upinzani, Pwani imeonewa. Mkiingia serikalini mnamtuma Adoramu! Hati za mashamba mnazigawa jukwaani kura zikikaribia, kama leso. Ombi langu ni moja: njooni wote, serikali na upinzani, wakati hamtafuti kura. Mkae chini, msikilize wazee mpaka wamalize. Kisha mtaje shamba gani linarudi, kwa nani, na lini. Asiyeweza kutaja asipewe maikrofoni, hata kanisani kwetu.

Na wewe muumini unayecheka eti Wapwani ni wavivu, au unayesema hayo ni mambo ya Waislamu, nenda Kilifi Jumapili yoyote. Maskwota wamejaa kwenye viti vya kanisa, wanatoa sadaka kutoka shamba wanaloweza kufukuzwa kesho.

Rehoboamu alikusanya askari 180,000 awarudishe kwa nguvu. Mungu akamtuma Shemaya kumzuia: wale ni ndugu zenu, rudini nyumbani. Wakarudi.

Ijumaa kwenye kesha tutawaombea viongozi wa vyama, mmoja mmoja kwa jina. Uliye na namba ya mbunge wako, mtumie ujumbe huu leo.