Habari Zikipamba Moto, Watu Wanatafuta Nini Wikipedia?

Kuna mchezo mmoja nimeuzoea na ningependa nawe uujaribu. Habari kubwa ikitokea, wacha kwanza watu wabishane. Ngoja siku moja, kisha nenda kaangalie ni kurasa gani zimefunguliwa sana Wikipedia, ile kamusi elezo inayoandikwa na watu wa kujitolea. Takwimu zake ziko wazi kwa yeyote. Kipo chombo cha bure kinaitwa Pageviews Analysis: unaandika jina la makala, nacho kinakuchorea mstari wa siku kwa siku kuanzia Julai 2015. Kumbuka tu kwamba siku zao zinahesabiwa kwa saa za Greenwich, kwa hiyo kwetu siku yao inaanza saa tisa usiku. Hakikuambii nani alisoma. Kinakuambia ukurasa ulifunguliwa mara ngapi, basi.

Mimi naandikia gazeti, na kila nikiitazama mistari ile naona inatusema sisi waandishi kuliko inavyowasema wasomaji.

Tuanze na misiba. Wikipedia ya Kiingereza ina ukurasa wa kila mwaka unaoorodhesha watu mashuhuri waliofariki. Hauna picha za kuvutia wala hadithi, ni majina, umri na kazi ya marehemu. Mwaka 2023 ukurasa huo ulifunguliwa zaidi ya mara milioni 42, ukapitwa na makala moja tu, ile ya ChatGPT iliyovuka milioni 49. Mwaka 2024 ndio ulioongoza, zaidi ya milioni 44. Mwaka wa uchaguzi wa Marekani huo! Kamala Harris akaja nyuma ya marehemu. Wapo watakaocheka kwamba dunia imeoza, watu wanapenda vifo. Sisi tuliolelewa na bibi waliokuwa wakinyamazisha nyumba nzima matangazo ya vifo yakianza redioni hatuna haki ya kucheka. Bibi hakuwa akifurahia msiba. Alitaka kujua ni nani, mtoto wa nani, anazikwa wapi.

Na hayo ndiyo maswali yale yale. Tarehe 25 Juni 2009 alipofariki Michael Jackson, ukurasa wake ulitembelewa karibu mara milioni moja ndani ya saa moja, na mitambo ya Wikipedia ikaelemewa. Sababu yake inafurahisha. Ukurasa ulikuwa unabadilishwa kila mara na wahariri wenye haraka, na kila badiliko lililazimisha kompyuta kuujenga upya, huku maelfu ya wasomaji wakisubiri ukurasa huo huo mmoja. Baadaye mafundi wao wakatengeneza utaratibu wa foleni: mmoja anajenga, wengine wanangoja nakala yake.

Lakini mtu aliyekufa ni mlango tu. Tazama wanakokwenda wakishaingia ndani. Malkia Elizabeth II alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, wasomaji hawakuishia kwake na kwa Charles. Walipanda ukoo mzima: Philip, Diana, Margaret, George VI, mpaka Edward VIII aliyekiacha kiti mwaka 1936. Nani aliamka siku ile akiwa na hamu na Edward VIII? Hakuna. Ila ukiuliza Elizabeth alikuwaje malkia utafika kwa baba yake, na ukiuliza baba yake alikuwaje mfalme utafika kwa Edward. (Wakenya wao walikuwa na njia ya mkato, kwani mwaka 1952 baba mtu alipofariki, binti alikuwa Kenya.) Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 ikawa hivyo hivyo. Watu walimsoma Putin, wakamsoma Zelenskyy, kisha wakaisoma NATO. Kwa miaka mingi magazeti yalikuwa yakiandika "NATO" kana kwamba kila mtu alizaliwa akiijua.

Sasa turudi nyumbani. Machi 2021. Rais Magufuli alikuwa hajaonekana hadharani tangu tarehe 27 Februari. Tarehe 12 Waziri Mkuu alisema Rais ni mzima na anachapa kazi. Usiku wa tarehe 17 Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akatangaza kwenye televisheni kwamba Rais amefariki. Mstari wa Magufuli na wa Samia kwenye Wikipedia ya Kiingereza ukapaa. Mimi mwaka ule nilikuwa bado chuoni, na nakumbuka maswali yaliyorushwa hosteli nzima usiku ule. Nani anashika nchi? Kwa muda gani? Kuna uchaguzi ndani ya siku 90?

Swali la siku 90 halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Zambia, jirani zetu, walimpoteza Michael Sata Oktoba 2014. Guy Scott akakaimu, na Januari 2015 wakapiga kura. Malawi, jirani zetu pia, walimpoteza Bingu wa Mutharika Aprili 2012, na Joyce Banda akaapishwa bila uchaguzi wowote. Kwa hiyo Mtanzania aliyekuwa anafuatilia habari za jirani alikuwa na majibu mawili mkononi, na kwetu hapakuwahi kutokea rais kufia madarakani.

Jibu lilikuwemo kwenye Katiba muda wote. Ibara ya 37(5) inasema Makamu anaapishwa kuwa Rais kwa muda uliobaki wa ile miaka mitano, kisha baada ya kushauriana na chama chake anapendekeza jina la Makamu mpya, ambalo Bunge linalithibitisha kwa kura zisizopungua nusu. Ndivyo ilivyokwenda: Samia akaapishwa tarehe 19 Machi, na Philip Mpango akathibitishwa na Bunge tarehe 30. Halafu ipo ibara ya 40(4), ambayo binafsi naiona tamu zaidi: Makamu akishika kiti kwa miaka mitatu au zaidi ya kipindi cha mwenzake, anaruhusiwa kugombea urais mara moja tu, ikipungua mitatu, mara mbili. Magufuli alikuwa ameapishwa kwa kipindi cha pili Novemba 2020. Piga hesabu mwenyewe. Yaani usiku ule ule wa tarehe 17, kabla hata ya mazishi, ungeweza kujua ni mara ngapi Rais mpya angeruhusiwa kugombea. Aya mbili tu za gazeti zingetosha kulieleza hilo.

Yapo magazeti yaliyoeleza, tusiwanyime haki yao. Tatizo langu ni kwamba maelezo ya namna hii kwetu ni kama mgeni: anakuja mara moja, anaaga. Kesho yake tunarudi kwenye "alisema", "alibainisha", "alisisitiza", "aliongeza". Hebu chukua gazeti lolote la leo uhesabu hivyo vitenzi. Habari nzima ni mtu mkubwa akiongea ukumbini, na msomaji anaachiwa kazi ya kujua ukumbi ule ni wa nini. Katika chumba cha habari ninachokifahamu vizuri, nafasi ikibana, aya ya kwanza kukatwa ni ya usuli. Ukiuliza unaambiwa, "Msomaji anajua hayo." Anajua wapi? Angekuwa anajua, ile mistari isingepaa.

Mtu ataniambia: si afadhali basi, Wikipedia ipo, gazeti litoe habari na kamusi itoe usuli? Hapo kuna mambo mawili.

La kwanza, watu wote wakikimbilia kisima kimoja, aliyekitia sumu anawanywesha wote. Machi 2009 mtunzi wa muziki wa filamu Maurice Jarre alipofariki, mwanafunzi mmoja wa Dublin alipachika kwenye ukurasa wake maneno mazuri ya kubuni, eti aliyasema marehemu. Alitaka kuona waandishi watafanya nini. Walinakili. The Guardian la Uingereza lilikuwa miongoni mwao, na baadaye likasahihisha na kukiri hadharani. Wahariri wa Wikipedia walikuwa wanayafuta yale maneno kwa sababu hayakuwa na chanzo. Waandishi wa magazeti, waliolipwa kwa kazi hiyo, ndio walioyapitisha.

La pili linaniuma zaidi. Mstari niliousema wa Magufuli ulikuwa wa Kiingereza. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na walioianzisha na wanaoiendeleza wanastahili heshima, kwa sababu hakuna anayewalipa. Lakini makala zake nyingi ni fupi mno. Wenyewe wanaziita mbegu. Na ujue kamusi ile haikubali maneno ya mtu kutoka kichwani, inadai chanzo kilichochapishwa. Mtu wa kujitolea akitaka kueleza kwa Kiswahili ibara ya 40(4) ilivyofanya kazi, anahitaji gazeti la Kiswahili lililoeleza. Sisi tumemwandikia nini? "Alisema, alibainisha." Hawezi kujenga ukurasa kwa hayo. Kwa hiyo msomaji anatoka kwenye gazeti la Kiswahili, anaingia Wikipedia ya Kiswahili, anakuta mbegu, anaishia kusoma mambo ya Katiba yake kwa Kiingereza. Na huyo ni yule anayekijua Kiingereza. Mama anayeuza genge chini ya ofisi yetu, ambaye ananiuliza mambo ya siasa kila asubuhi kwa akili kuliko vikao vyetu vya wahariri, yeye anaishia kwenye "inasemekana" za WhatsApp.

Hapo ndipo uvumi unapopatia riziki. Machi 2021 polisi walikamata watu kwa kusambaza uvumi kuhusu afya ya Rais. Sijui uvumi unakamatwaje, ila najua unapozaliwa: ni pale swali la msingi linapokosa mtu wa kulijibu kwa lugha ambayo muulizaji anaielewa.

Basi nimeanza na ninachokiweza. Kila habari yangu inayotaja ibara, taasisi au mkataba, naiandikia aya za usuli, na kwenye kompyuta nina faili la maswali ya siku za moto: Spika akijiuzulu inakuwaje, Bunge likivunjwa nani anabaki, matokeo ya urais yanapingwa wapi kama hayapingwi mahakamani. Wiki iliyopita nilipeleka habari yenye aya tatu za namna hiyo. Mhariri akasema ni nyingi, abaki na moja. Tumevutana mpaka saa mbili usiku, gazeti likaenda mtamboni na mbili.