Fasili si Dhana: Tuache Kukaririsha Uraia

Wanafunzi wangu wapendwa, nanyi walimu wenzangu, leo sina somo la ngeli wala la nyakati. Nina ugomvi. Ninagombana na desturi moja iliyokita mizizi katika madarasa yetu hapa Uganda, nayo ni kuamini kwamba mwanafunzi akiweza kutaja fasili ya neno, basi amekwisha kulielewa jambo lenyewe.

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha msamiati wa utawala bora katika kidato cha tatu. Niliandika ubaoni neno “rushwa”. Mikono mingi ikanyanyuka. Msichana mmoja akasimama, akasema bila kusita: rushwa ni kitu anachopewa mwenye mamlaka ili atoe upendeleo usio halali. Darasa zima likampigia makofi. Nikauliza swali la pili: “Kiranja anaandika majina ya wapiga kelele. Rafiki yake anampa nusu ya chapati, naye analiacha jina la rafiki huyo. Hapo pana nini?” Wakacheka. Mmoja akajibu, “Mwalimu, huo ni urafiki.” Mwingine akasema, “Hiyo ni shukrani tu.” Neno lilikuwa bado liko ubaoni nyuma yangu, wala hakuna aliyelitumia.

Sikuwalaumu. Niliona haya mimi mwenyewe, maana fasili ile niliwasomea kwa kinywa changu wiki moja kabla, nao wakaiandika na kuipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Walipokea nilichowapa, yaani maneno. Dhana sikuwapa, wala sikuweza kuwapa, kwa sababu dhana haitolewi mkono kwa mkono kama chaki.

Mtazameni mtoto mdogo. Aliyezoea mbwa wa nyumbani akimwona mbuzi kwa mara ya kwanza, huenda akamwita mbwa. Hakukosea ovyo. Ameona miguu minne na mkia, akavifanya hivyo kuwa alama ya mbwa. Mama humwambia, “La, huyo ni mbuzi, ana pembe.” Kesho atakutana na mbuzi asiye na pembe, naye itambidi afikiri upya. Hakuna mzazi aliyemkalisha mtoto akamsomea fasili ya mbwa, na hata hivyo mtoto hufika. Hufika kwa mifano, kwa mifano kinzani, na kwa kusahihishwa pale ambapo jambo moja linapakana na lingine.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, alitofautisha dhana ambazo mtoto huziokota katika maisha ya kila siku na dhana za kitaaluma anazofundishwa shuleni. Alionyesha kwamba mtoto anamjua vizuri kaka yake, lakini ukimtaka aeleze maana ya “kaka” hubabaika. Ilhali kanuni ya Archimedes huweza kuieleza vizuri zaidi, ingawa hajawahi kuishi nayo. Akaonya kuwa mwalimu anayejaribu kumimina dhana moja kwa moja kichwani mwa mwanafunzi huvuna maneno matupu. Aina hizo mbili sharti zikutane: ya nyumbani ipande kuelekea utaratibu wa fikra, na ya shuleni ishuke hadi kwenye maisha.

Wanafunzi wangu walikuwa nazo zote mbili. Walikuwa na chapati ya kiranja, na walikuwa na fasili daftarini. Kilichokosekana ni mshenga wa kuzikutanisha, na ushenga huo ndio kazi ya mwalimu. Anayesoma fasili, akangoja inakiliwe, kisha akafuta ubao, hajaifanya kazi hiyo.

Hata dhana ya kosa haizaliwi ikiwa imekamilika. Jean Piaget wa Uswisi, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1932, aliwasimulia watoto habari za mvulana aliyevunja vikombe 15 kwa bahati mbaya, na mwingine aliyevunja kikombe kimoja alipokuwa akidokoa chakula kitamu kabatini. Wengi wa watoto wadogo walisema wa vikombe 15 ndiye mkosaji zaidi. Waliokuwa wakubwa kidogo walianza kupima nia. Piaget aliwatazama pia watoto wakicheza gololi, akaona kwamba wadogo huzichukua kanuni za mchezo kuwa kitu kisichoguswa, hali wakubwa hutambua kuwa kanuni ni makubaliano yao wenyewe. Hakika hapo ndipo dhana ya sheria inapojengeka: katika kubishana uwanjani, katika kupatana, na katika kuona kwamba anayevunja mapatano anauharibu mchezo wa wote.

Kwa nini ninayapigia kelele haya? Kwa sababu gharama yake ni kubwa. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika ibara ya 17, inamtwika kila raia wajibu wa kupiga vita ufisadi. Raia atapigaje vita jambo ambalo, akilikuta limevaa nguo za kawaida, analiita urafiki? Kiranja wa leo ndiye karani wa kesho. Atakuwa amepata alama zote katika swali la rushwa, naye atapokea bahasha kwa dhamiri nyeupe, kwa kuwa bahasha haikutajwa katika fasili aliyoikariri.

Anayedhani kuwa fasili ina nguvu kuliko mifano na aitazame historia ya Kiswahili chenyewe nchini mwetu. Wako wazee wengi ambao walikisikia zaidi katika miaka ya 1970, kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka vinywani mwa wanajeshi: simama, toka, lala chini. Hakuna kamusi iliyowaambia kwamba Kiswahili ni lugha ya mabavu. Mifano ndiyo iliyowafundisha. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Hiyo ni fasili njema, tena ya kisheria, lakini dhana ya zamani haikufutika kwa maandishi. Inafutika polepole, kila mjukuu anapomsalimu bibi kwa “shikamoo” na bibi akatabasamu.

Najua nitakavyojibiwa. Mtaambiwa kwamba darasa lina wanafunzi wengi mno, vitabu ni vichache, na mtihani hauna subira. Hayo ni kweli. Nami nafundisha katika hali hizo hizo. Lakini swali la chapati lilichukua dakika kumi na halikuhitaji kitabu. Mtaambiwa pia kwamba kukariri kuna faida. Kuna faida, sikatai: viambishi vya ngeli na methali huhifadhiwa kwa kurudiwarudiwa. Ninachokataa ni kukariri kunakochukua nafasi ya kuelewa. Tena mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne, ulioanza kutumika mwaka 2020, unataka umahiri. Basi tusiuvike mtaala mpya kanzu ya imla ya kale.

Nanyi mnaojifunza Kiswahili, lugha hii imewapa ufunguo. Maneno mengi ya uraia huanza na kiambishi “u-”: uwazi, usawa, uhuru, uwajibikaji. Mkiyakuta, msikimbilie fasili. Kivueni kiambishi, mrudi kwenye neno mnalolijua. Uwazi unatokana na “wazi”. Mlango ukiwa wazi, nani anaona ndani? Daftari la michango ya darasa likiwa wazi, nani anaweza kulikagua? Sasa pandeni ngazi: hesabu za halmashauri zikiwa wazi, ni nani anayenufaika, na ni nani anayeogopa? Mkifika hapo, fasili mtaiandika wenyewe, na haitawatoka.

Basi nawausia jambo moja. Mwalimu yeyote, nami nikiwamo, akiwasomea fasili ya haki, ya demokrasia au ya rushwa, nyosheni mikono kwa adabu, mseme: “Mwalimu, tupe mfano mmoja wa hapa shuleni. Kisha tupe jambo linalofanana nalo lakini silo.” Kuuliza si ujinga. Wangu walipouliza hivyo juma lililofuata, tulibishana hadi kengele ikalia. Kiranja mwenyewe alikuwamo darasani, ametulia kimya. Mwishowe akasimama, akasema, “Mwalimu, chapati zilikuwa tatu.”

Siku hiyo hakuna aliyepiga makofi, lakini neno lililokuwa ubaoni lilikuwa limeeleweka.