Dawa ya Mganga, Siri ya Mgonjwa

Miezi michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alinitumia jedwali kwa WhatsApp. Alikuwa ametoka wilayani Muleba, alikokwenda kukusanya data za tasnifu yake kuhusu mitishamba, na alitaka nimwambie kama kazi inakwenda vizuri. Safu ya kwanza ilikuwa na jina la mganga, ya pili namba yake ya simu, ya tatu mahali mti unapoota kwa vipimo vya GPS, ya nne maradhi yanayotibiwa. Safu ya tano aliipa kichwa "mfano wa mgonjwa". Humo nilisoma habari za mwalimu wa kike wa shule ya msingi, umri wake, kijiji chake, na kwamba amekuwa akitumia dawa ya kutafuta mtoto kwa miaka miwili.

Jina lake halikuandikwa. Lakini katika kijiji chenye shule moja ya msingi na walimu wa kike watatu, jina la nini tena?

Nilimpigia nikamuuliza ni nani mwingine analo jedwali hilo. "Ni wenzangu wa kundi tu, Mwalimu, na binamu yangu aliyenisaidia kuchora grafu." Kijana huyu hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa amefanya bidii kuliko wenzake wengi. Ndiyo maana nimeona suala hili linastahili kuandikiwa: tunawatuma vijana wetu vijijini wakiwa na simu janja na hamu ya shahada, bila kuwafundisha kwamba wanachokwenda kuchukua ni amana.

Mkoa wa Kagera si mgeni katika utafiti wa tiba asili. Kati ya mwaka 2009 na 2012 watafiti wakiongozwa na wataalamu wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, taasisi ambayo chimbuko lake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974, walichapisha mfululizo wa makala tatu kuhusu mimea tiba ya mkoa huu. Moja ilihusu kata ya Katoro, Bukoba. Nyingine kijiji cha Kikuku, Muleba. Ni kazi ya thamani. Miti ambayo bibi zetu waliijua kwa jina la Kihaya pekee imepata jina la kisayansi na nafasi katika maktaba ya dunia. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma makala hizo bure, ilimradi ajue Kiingereza. Na hapo ndipo pana kasoro ya mfumo mzima wa elimu yetu ya juu: mtu wa Tokyo au Boston husoma kilichosemwa Kikuku kwa urahisi kuliko mzee wa Kikuku mwenyewe.

Katika mazungumzo ya mganga na mtafiti kuna siri mbili, nasi tumezoea kuzichanganya. Ya kwanza ni ya mgonjwa: nani anaumwa nini, tangu lini, na kwa nini alikwenda kwa mganga badala ya zahanati. Ya pili ni ya mganga na ukoo wake: mti gani, sehemu gani ya mti, unachumwa lini, unachanganywa na nini.

Siri ya kwanza ina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi ya mhusika kabla hazijachakatwa. Tume ya kusimamia sheria hiyo ipo. Siri ya pili haina ngome kama hiyo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamsajili mganga na kumsimamia kupitia Baraza lake; Sheria ya 2022 inamlinda mtu anayeweza kutambulika. Lakini ujuzi wa mti si taarifa za mtu mmoja. Ni mali ya ukoo, pengine ya kijiji kizima, na unaangukia katika ufa ulio kati ya sheria hizi mbili. Namba ya simu ya mganga inalindwa; alichorithi kwa babu yake hakilindwi.

Ipo hoja dhidi yangu, nayo ni nzito. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na tena mficha maradhi kifo humuumbua. Dawa isiyosemwa hufa na mwenyewe. Zaidi ya hayo, usiri umekuwa kichaka cha matapeli. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wapo waliokuwa wameacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Imani ilikimbia, kipimo kikabaki nyuma. Mtu akiniambia kwamba tiba asili inahitaji uwazi, maabara na takwimu, sina ugomvi naye.

Lakini uwazi wa dawa haulazimu uwazi wa mgonjwa. Na watu wa Kagera wana sababu ya kulielewa hili kuliko wengine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana katika mkoa huu mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujapata jina la kitabibu, mitaani uliitwa Juliana, na baadaye silimu. Waliokua miaka ile wanakumbuka jinsi nyumba ilivyoweza kunyooshewa kidole, na jinsi kidole kilivyofukuza wachumba, wateja na hata majirani wa kubeba jeneza. Mwaka 2023 ukaja ugonjwa wa virusi vya Marburg katika wilaya ya Bukoba, ukaua watu sita, na Januari 2025 ukarudi tena, safari hii Biharamulo. Katika milipuko kama hiyo ni lazima majina yaandikwe: nani alimuuguza nani, nani alimwosha maiti. Bila orodha hizo ugonjwa haukomi. Lakini mtu atakubali kutaja jina la shangazi yake iwapo tu anaamini kwamba jina hilo halitalala kwenye kundi la WhatsApp usiku uleule. Imani hiyo ikipotea, watu watawaficha wagonjwa wao, na sote tutalipia.

Kwa hiyo usalama wa taarifa si anasa ya mataifa tajiri. Ni sehemu ya tiba. Nawakumbusha hili hasa ndugu zangu watumishi wa umma, maana mifumo ya kielektroniki ya kumbukumbu za wagonjwa sasa imefika hadi ngazi za chini. Katika kituo kimoja nilichokwenda kutibiwa, nenosiri la kompyuta lilikuwa limeandikwa kwenye kipande cha plasta na kubandikwa juu ya kioo. Aliyelibandika alitaka tu zamu isikwame. Mfumo ulionunuliwa kwa fedha nyingi ulikuwa unalindwa na plasta.

Turudi kwa mganga. Tuna mfano mzuri hapahapa nchini wa namna ya kumheshimu. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa akitafuna utomvu mchungu wa mti ambao Wahaya tunauita omubilizi. Kalunde alikuwa mhifadhi na pia mjuzi wa dawa za Kitongwe. Yeye ndiye aliyeutambua mti ule kuwa dawa. Makala ilipochapishwa mwaka 1989 jina lake liliandikwa kama mwandishi mwenza. Hakuwekwa katika orodha ya wanaoshukuriwa mwishoni. Linganisha na Wasani wa kusini mwa Afrika: mmea wa hoodia, waliokuwa wakiutafuna kutuliza njaa safarini, uliombewa hataza na taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini miaka ya 1990 bila wao kushauriwa. Mkataba wa kugawana mapato ulipatikana mwaka 2003, baada ya kelele.

Mwezi Mei 2024 nchi wanachama wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani zilipitisha mjini Geneva mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje chanzo cha rasilimali za kijenetiki na ujuzi wa jadi alioutumia. Ni hatua njema. Lakini mkataba wa Geneva hautamfikia mganga wa Kimwani ikiwa chuo kilichomtuma mwanafunzi kwake hakina hata fomu ya ridhaa kwa Kiswahili. Na katika zama hizi za akili mnemba, kilichokwisha kuwekwa mtandaoni kinamezwa, kinasagwa, na hakirudishiki.

Tusingoje Bunge, basi. Kamati za maadili za vyuo zinaweza kukataa kesho pendekezo lolote la utafiti lisiloeleza data zitahifadhiwa wapi, na nani atazifuta lini. Wasimamizi wa tasnifu tunaweza kufuta safu ya mgonjwa na vipimo vya GPS kabla jedwali halijatoka kwenye simu ya mwanafunzi. Mganga asomewe ridhaa kwa lugha anayoielewa, na aambiwe wazi kwamba ana haki ya kusema mti huu andika, huu acha. Matokeo yarudi kijijini kwa Kiswahili, nakala moja ofisi ya kijiji, nyingine zahanati. Na waganga nao, wanaopokea siku hizi picha za vidonda kwa simu, waelimishwe na Baraza kwamba simu yao ni chumba cha tiba, na chumba cha tiba kina mlango.

Mwanafunzi wangu alilifuta jedwali lile, akawaomba wenzake na binamu yake wafute pia. Kama wote walifuta, yeye hajui, nami sijui. Kisha alirudi Muleba kumwomba radhi mganga mmoja, mama mtu mzima, na kumwomba ridhaa upya. Mama yule alimsikiliza, akamwambia: "Mwanangu, mti nilikupa mimi. Yule mwalimu sikukupa, wewe ulimchukua." Akamruhusu kuandika miti minne kati ya saba.

Tasnifu itakuwa na miti minne. Nimemwambia inatosha.