Tangazo moja la jioni halitoshi kwa wahami

Pale redio ya masafa mafupi inapoanza kutetemeka jua likizama, sauti inakuja na kwenda, wengi wetu tunasema: "Wameizima kusudi." Mambo hayo yapo, sikatai. Lakini mara nyingi kinachosumbua ni anga lenyewe.

Juu yetu, kuanzia kilomita 60 hivi na kupanda hadi mamia ya kilomita, kuna tabaka lenye chembe za umeme linaloitwa ionosfia. Mawimbi ya masafa mafupi yanafika huko na kurudi chini mbali. Ndiyo maana yanaruka milima ya Mitumba, wakati FM inakwama kwenye milima hiyo. Mchana, sehemu ya chini ya tabaka hilo inameza mawimbi ya namba ndogo. Usiku sehemu hiyo inatoweka na stesheni za mbali zinaingia.

Ila sisi tuko karibu na ikweta. Jua likizama, tabaka la juu linachafuka na kutoboka kama povu, mara nyingi hadi karibu na usiku wa manane. Wataalamu wamelihesabu jambo hili usiku baada ya usiku, kwa vipokezi vya GPS kama vya Mbarara na Malindi. Usiku mbaya huwa mwingi zaidi karibu na Machi na Septemba, na katika miaka ambayo jua lina nguvu.

Sasa tazama mwaka 2025. Jua lilikuwa karibu na kilele chake. Bukavu ilianguka Februari, familia zikavuka Ruzizi kwenda Burundi, na Machi hiyohiyo Sauti ya Amerika ikanyamaza.

Kwa hiyo nawaambia wanaotangaza habari za wahami: tangazo la chakula, chanjo au njia iliyofungwa lisisomwe mara moja tu saa mbili usiku. Lirudiwe saa kumi na moja alfajiri, kwenye masafa mawili. Mtaniambia watu wana simu. Simu inataka moto, mega na mnara. Redio ndogo inataka betri mbili.

Na tangazo la mtoto aliyepotea lipite alfajiri kila siku, kabla mama hajatoka kwenda kuchota maji.