Rubondo ni yetu, twendeni tukaitembee

Mhariri,

Nawaandikia wenzangu wa Geita na Shinyanga. Mkoa wetu wa Geita unasifika kwa dhahabu, lakini ndani ya Ziwa Victoria tunacho pia kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977.

Unavuka kwa boti kutoka Nkome au Muganza, kisha askari wa hifadhi anakutangulia msituni kwa miguu. Humo wanaishi sokwe, uzao wa wale walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Ukitokeza ufukweni, maji yametanda hadi upeo wa macho. Nzohe anachungulia kwenye mafunjo, furukombe analia juu ya mti.

Inauma kwamba watoto wetu wengi wanalijua duara la mgodi kuliko kisiwa hiki. Naliomba Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) lishirikiane na halmashauri na shule kupanga ziara za wanafunzi, pamoja na boti ya bei nafuu siku za mapumziko. Nasi wazazi tusisubiri wageni watusimulie mali yetu. Tuanze kuchangia nauli sasa.

Msomaji wako,
Geita