Rungu Halitibu Homa



Kila maradhi mapya yanapozuka, wakubwa hutuambia kwamba hilo ni jambo la madaktari na polisi, wala si jambo la siasa; kazi ya mwananchi ni kutii na kungoja. Sisi twaikataa kauli hiyo. Twaandika kutoka Langoni, mtaa wa kusini mwa mji wa Lamu, na ushahidi wetu ni mambo yaliyotupata wenyewe. Twasema wazi kwamba homa ya mlipuko hupata njia pale ambapo utawala umeacha kazi yake, na ikisha kuingia, huenea kwa kadiri ile ile ya wananchi kunyimwa maji, ukweli na sauti.

Turudi mwaka wa 2004. Kati ya miezi ya Mei na Julai, homa isiyo ya kawaida iliuvamia mji wa Lamu. Wengi waliidhania malaria, lakini haikuwa malaria. Viungo vilivimba, vifundo viliuma, na watu wazima wenye nguvu zao wakawa hawawezi kusimama wima. Damu ilipopimwa na wataalamu wa KEMRI na wenzao, ilijulikana kuwa ni chikungunya. Jina hilo ni la Kimakonde, na maana yake ni kupindika. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mwaka wa 1952 na 1953 katika nyanda za Wamakonde, Tanganyika. Wako wataalamu wanaoamini kwamba hata kidingapopo cha Unguja cha mwaka wa 1823 na 1870 huenda kilikuwa ni maradhi haya haya. Basi hakuna awezaye kusema kwamba alivamiwa na mgeni asiyejulikana.

Utafiti uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba robo tatu ya watu waliopimwa Lamu walikuwa wameambukizwa. Katika watu wapatao 18,000, hesabu hiyo ni watu 13,500 hivi. Katika kila watu wanane, sita! Ni jeshi gani la adui lingeweza kuwaangusha watu wengi hivyo katika mji mmoja, na taifa zima lisitikisike?

Sasa tuulize chanzo. Chikungunya huenezwa na mbu aitwaye Aedes aegypti. Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi kumzuia. Hahitaji kinamasi, hupenda maji yaliyotulia katika mtungi, pipa na dumu, ndani na kando ya nyumba za watu. Mayai yake hugandamana na ukuta wa chombo na yaweza kustahimili ukavu kwa miezi. Wataalamu walioichunguza homa ya 2004 waliandika mwaka wa 2007 kwamba ilitanguliwa na ukame na joto lisilo la kawaida katika pwani yetu, na kwamba huenda maji yaliyokaa muda mrefu vyomboni bila kubadilishwa ndiyo yaliyomlea mbu.

Wasomaji wetu, lielewe vyema jambo hili. Mwananchi huweka maji siku nyingi kwa sababu hana hakika ya kupata mengine kesho. Kisha homa ikizuka, huambiwa na wakubwa: mwageni maji yenu, sugueni mitungi yenu kila wiki! Ushauri huo ni sahihi kwa mtu mwenye mfereji unaotoka maji. Kwa mama wa Langoni wakati wa kiangazi, ni sawa na kumwambia mwenye njaa amwage unga kwa sababu umeingia wadudu. Atamwaga, halafu anywe nini?

Wala msituambie kwamba watu wetu ni wajinga. Wazee wa Lamu walipojenga nyumba za mawe walijenga na birika, na katika birika wakatia visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Walijua kulinda maji kabla hajazaliwa afisa yeyote wa leo. Maji matamu ya kisiwa hiki yamehifadhiwa chini ya michanga ya Shela, na michanga hiyo imenyemelewa kwa miaka mingi na watu wenye tamaa ya viwanja. Anayeinyakua michanga ile ananyakua afya ya mji mzima.

Tena tuseme ukweli unaotuuma sisi wanamageuzi. Homa ile haikuzuka chini ya KANU. KANU ilikwisha ondolewa kwa kura mwezi wa Disemba 2002, baada ya miaka 39, na sisi tulikuwa miongoni mwa walioimba na kulia kwa furaha. Mwaka mmoja na nusu baadaye mji wetu ulilala kitandani. Tulibadilisha walioketi vitini, lakini mitungi yetu ikabaki vile vile. Anayedhani kwamba kazi ya mageuzi huisha siku ya kuhesabu kura, na aje Langoni tumweleze.

Homa haikukaa kwetu. Ilishuka Mombasa, na mapema mwaka wa 2005 ikafika Ngazija, ambako zaidi ya nusu ya watu waliugua. Ngazija si mbali na nyoyo zetu: Habib Saleh, aliyeanzisha msikiti wa Riyadha hapa Langoni, alizaliwa huko. Kutoka Komoro ikaenda Réunion, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, ikawapata watu wapatao 266,000, yaani zaidi ya theluthi moja ya wakazi wote. Huko nako serikali ilichelewa. Lakini mwezi wa Februari 2006 askari walikuwa wakipiga dawa ya mbu, na Waziri Mkuu wa Ufaransa alisafiri mwenyewe kwenda kuwakabili wananchi. Watu wenye sauti huijia serikali yao kwa maswali, nayo hulazimika kuja. Sisi twangali twauliza hadi leo: baada ya watu 13,500, ni nani aliyewajibika kwa habari ya maji? Ugonjwa huo huo ulirudi Mandera mwaka wa 2016, na mwishoni mwa 2017 ukaingia tena Mombasa.

Wakubwa wakikosa la kujibu, hushika rungu. Mwaka wa 2010, wagonjwa wa kifua kikuu walitupwa jela Kapsabet kwa kosa la kutomaliza dawa, wakalazwa katika msongamano wa wafungwa kana kwamba ugonjwa wa pumzi huponywa kwa kunyimwa hewa. Iliwachukua hadi Machi 2016 ndipo Mahakama Kuu ikatamka kwamba kitendo hicho kilivunja Katiba. Mwaka wa 2020, korona ilipoingia, amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi, na siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 akauawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao, Kiamaiko, Nairobi. Mapema Juni, mamlaka ya kusimamia polisi ilisema imepokea malalamiko ya vifo 15. Watu waliovunja amri hiyo walipelekwa karantini kama adhabu, na waliowekwa karantini wakadaiwa gharama hadi kelele zilipozidi. Wakati huo huo Mkaguzi Mkuu alikuwa akichunguza manunuzi ya korona ya shilingi bilioni 7.8. Rungu lilikuwa la raia. Faida ilikuwa ya nani?

Lakini sisi nasi tusijitakase. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi alijulikana Kenya mwaka wa 1984, na serikali ikautangaza kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999. Katika miaka hiyo 15, si serikali peke yake iliyonyamaza. Ni mara ngapi mimbarini mgonjwa aliitwa mwenye dhambi, na jeneza likazikwa pamoja na uongo? Mficha maradhi kifo humuumbua. Ndugu Wakristo, kumbukeni kwamba katika Torati kuhani hakumngoja mwenye ukoma amfuate hemani. Alitakiwa atoke nje ya kambi, akamtazame kwa macho yake. Kanisa linalongoja wagonjwa wapone ndipo warudi kwenye viti vyake limeiacha sehemu hiyo ya kazi yake.

Kwa hiyo twadai, wala hatuombi, maana Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imekwisha tupa haki ya afya na ya maji safi ya kutosha:

Kwanza, maji yapelekwe mitaani kabla ya kiangazi, na michanga ya Shela isiguswe.

Pili, homa ikizuka watu waambiwe ukweli siku ile ile, na idadi ya wagonjwa itangazwe mtaa kwa mtaa.

Tatu, mgonjwa asikamatwe, asipigwe, wala asidaiwe gharama ya kulindwa kwa jirani zake.

Nne, kila shilingi ya janga isomwe hadharani. Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013. Basi gavana na waziri wasirushiane lawama juu ya vichwa vyetu.

Nasi tuna wajibu wetu. Kila kanisa na kila msikiti uchague watu wa kuzunguka nyumba hadi nyumba, kufunika mapipa, kuandika wanaougua na kupeleka majina ya mitaa isiyo na maji kwa wawakilishi wetu, wiki baada ya wiki, mpaka waone haya. Tusingoje homa nyingine itupindishe migongo ndipo tukumbuke kusimama wima.